Bomba Linalotema Mate

Mgeni wa chumba namba 11 alisimama mbele ya meza ya mapokezi saa 11 alfajiri, taulo kiunoni, koti zito juu ya mwili mtupu, povu la sabuni limemkalia masikioni. Ilikuwa mwezi wa saba, Njombe. Anayeijua baridi ya kule mwezi huo hahitaji kuelezwa; asiyeijua akumbuke tu kwamba mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwamba wageni wetu hujifunika mablanketi mawili na bado wakauliza la tatu. Basi lake la Dar es Salaam lilikuwa linaondoka saa 12.

"Dada," aliniambia bila hasira, na huko kukosa hasira ndiko kulikoniuma, "bomba lenu linanitemea mate."

Nilimchotea maji ya moto jikoni, ndoo moja na kopo. Alioga, akawahi basi lake, sijamwona tena. Ila neno lake lilibaki nami kwa sababu lilikuwa sahihi kuliko yote niliyowahi kuambiwa kuhusu mabomba yetu. Wengine walisema "maji hakuna", na nikienda kutazama nayakuta maji yapo. Wengine walisema "bafu bovu", basi. Yeye alieleza alichokiona: bomba la mvua linadondosha tone, linakohoa, linatema, linanyamaza, linatema tena. Daktari akipewa maelezo kama hayo huwa ameshaanza kuandika. Mimi sikuandika kitu. Nilimpigia fundi simu.

Gesti hii waliijenga wazazi wangu. Vyumba 6 vya kwanza vinatazama barabara. Vingine 6 viliongezwa nyuma mwaka 2009, vikauzunguka ua kama kiwiko. Baba alianza na sufuria kubwa la kuni na ndoo. Jioni mgeni aliulizwa ataoga saa ngapi, na saa hiyo ikifika anaikuta ndoo mlangoni inafuka mvuke, kopo linaelea juu. Sikumbuki lalamiko hata moja la enzi hiyo. Ndoo ya lita 20 ni lita 20, na joto la maji mgeni analionja kwa kidole kabla hajavua nguo. Malalamiko yaliingia ndani pamoja na vigae.

Baadaye Baba akaweka boila ya kuni nyuma ya jiko: silinda ya lita 400 juu ya tanuri linalokula miwati, na miwati Njombe haikosekani. Kutoka pale bomba moja likaingia ukutani na kupita chumba hadi chumba. Maji ya baridi yalitoka kwenye simtanki la lita 2,000 juu ya mnara wa chuma wa mita 4. Boila yenyewe ilinyweshwa na tenki dogo lililokaa juu ya paa la jiko. Likumbukeni tenki hilo dogo, lina kesi mbele.

Baba alipofariki niliacha kazi Dar es Salaam nikarudi kumsaidia Mama. Nilirudi na ujuaji wa mjini. Dar nilikuwa naoga kwa shawa ya umeme, ile inayofungwa juu ya bomba na kuwashiwa swichi, na maji yake yalikuwa matamu. Nikanunua 3, nikazifunga vyumba namba 7, 8 na 9. Zikanishinda vibaya. Kwa muda mrefu niliamini nimeuziwa feki, kumbe sikuwa nimepiga hesabu ya kidato cha pili. Shawa ya wati 5,500 ina nguvu zile zile popote uendapo nayo. Dar maji yanaingia yakiwa na nyuzi kama 27. Kuyafikisha 38 ni kuyapandisha nyuzi 11 tu, na kwa nguvu hiyo unapata lita 7 hivi kwa dakika. Njombe niliyapima alfajiri ya mwezi wa saba nikakuta nyuzi 14. Hapo ni kupanda nyuzi 24, na kwa nguvu ile ile zinatoka lita 3 na kidogo. Ukifungua zaidi unaganda, ukibana unaoga mkojo wa mtoto. Na hapo umeme wa jioni haujashuka bado: volti zikitoka 220 zikaangukia 190, nguvu ya shawa inapungua robo nzima, maana inakwenda na kipeo cha pili cha volti.

Nilipozifungua ili nizirudishe stoo nilikuta moja waya wake wa ethi umekatwa, ncha imefungwa solotepu. Fundi umeme aliyezifunga alinijibu kwamba waya ule hauna kazi. Katika waya 3 zilizokuwa pale, ule ndio uliokuwa na kazi moja tu: kuhakikisha mgeni wangu anatoka bafuni akiwa hai. Sikumwita tena.

Turudi kwa fundi bomba. Alikuja na jibu mkononi.

"Presha hakuna," alisema hata kabla hajavua kofia. "Weka pampu."

Tukanunua pampu. Aliifunga chini ya mnara, kwenye njia ya maji ya baridi, na siku hiyo hiyo chumba namba 11 kikapata maji ya kung'oa nywele. Nilifurahi siku 2. Siku ya tatu malalamiko yalirudi na sura nyingine: maji ya moto yanakuja, yanakusalimu, yanakimbia. Mgeni anafungua moto, anaupata. Akigusa koki ya baridi ili aupunguze, moto wote unatoweka, anabaki chini ya barafu. Usiku nako, nyumba imetulia, wageni wamelala, pampu ikawa inaunguruma yenyewe, na lile tenki dogo juu ya paa la jiko likaanza kufurika. Fundi akaja akabadilisha boya. Likafurika. Akabadilisha tena, safari hii la shaba, bei mara mbili. Likafurika.

Mama, ambaye hakuwa amesema neno tangu pampu iingie, aliuliza akiwa anachambua maharage: "Kwani hayo maji yanayomwagika yanaingilia juu, kwenye boya, au chini?"

Tulitazamana mimi na fundi, tukacheka kidogo, ile ya heshima. Tenki linajazwa kwa juu, kila mtu anajua. Ikachukua wiki 3 kabla ya kujua kwamba Mama alikuwa ameuliza swali lenyewe.

Aliyetutoa gizani ni mzee mmoja mstaafu, amefunga mabomba kwenye misheni na kwenye mashamba ya chai tangu ujana wake. Nilimpokea kwa "Kamwene, baba," nikataka nimpeleke moja kwa moja kwenye pampu. Akakataa. Aliomba kiti, chai, na ndoo ya lita 10.

"Wageni wanasemaje?" aliniuliza.

"Wanasema maji hayatoki vizuri, Mzee."

"Hilo unasema wewe. Nimekuuliza wao wanasemaje."

Hapo ndipo nilipoona aibu ya kutokuandika. Nikaanza kukusanya: nikakumbuka mate ya chumba namba 11, dada wa usafi akasema chumba namba 3 maji yanatoka kama uzi lakini moto upo, Mama akasema yule mfanyabiashara wa parachichi anayelala namba 12 kila Jumanne husimama pembeni akipiga simu 2 ndipo moto ufike. Mzee alikuwa anakunywa chai na kuitikia. Kwake hayo hayakuwa lalamiko moja bali magonjwa mbalimbali yaliyopanga nyumba moja. Maji machache ya moto na ya baridi kwa pamoja, tatizo ni njia. Baridi imejaa na moto umenywea, basi pande mbili hazina nguvu sawa. Moto unafika lakini kwa kuchelewa, huo ni umbali. Na kutema mate ni hewa. Fundi anayeyatibu yote kwa pampu, alisema, ni sawa na duka la dawa linalotoa Panadol kwa kila anayeingia.

Tukaanza kupima. Pampu ilizimwa kwanza. Nilishika simu nihesabu muda, yeye akashika ndoo. Chumba namba 1: lita 10 kwa dakika 1 na sekunde 15. Chumba namba 3: dakika 3 kamili. Chumba namba 11: dakika 4 na sekunde 10, hapo katikati nilipata muda wa kutazama dirishani mbwa wa jirani akivuka barabara na kurudi.

Kisha akafungua kichwa cha bomba la mvua kwa mkono, akapima tena likiwa wazi. Sijui kwa nini hakuna fundi aliyewahi kufanya hivyo mbele yangu. Ni kazi ya dakika moja na haihitaji hata spana. Chumba namba 3 kikaruka hadi dakika 1 na sekunde 10. Maana yake njia ni nzima, kilichoziba ni kichwa. Akakigonga juu ya kiganja: vikadondoka vipande vya kutu vyembamba kama maganda ya karanga, mchanga, na uzi mweupe wa tredi tepu ambao fundi fulani aliuzungusha kupita kiasi, ukakatikia ndani. Maji yetu ya milimani hayana chokaa ya kusumbua. Dodoma ungekikuta kichwa hicho kimeota ukoko mweupe, na dawa yake ni kukilaza usiku kucha kwenye siki. Sisi tulikisugua kwa mswaki wa zamani, kikarudi kazini.

Chumba namba 11 hakikudanganyika. Kichwa kikiwa wazi, dakika 3 na sekunde 50. Ugonjwa ulikuwa nyuma zaidi. Mzee alifuata bomba hadi kwenye geti valvu ya kile kiwiko cha nyuma, ile ya gurudumu jekundu, akaizungusha. Ilizunguka vizuri kabisa, kushoto na kulia, laini. Ulaini huo ndio uliomtia shaka. Akafunga maji, akaifungua, akaniita nitazame ndani: gurudumu na msumari wake vinazunguka, lakini lango lenyewe limeachana na msumari, limelala chini, limeziba zaidi ya nusu ya njia. Nani anajua lilianguka mwaka gani. Kila fundi aliyepita alilizungusha gurudumu, akaridhika kwamba valvu imefunguliwa.

Tulipoweka valvu mpya tulipima tena. Dakika 2 na sekunde 40. Afadhali, lakini bado.

"Hapa ndani kuna bomba la ukubwa gani?" Mzee aliuliza akigonga ukuta.

Nikasema sijui. Huo ulikuwa uongo. Nililijua bomba lile kabla ukuta haujavunjwa.

Mwaka 2009 nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo. Baba alinipa pesa na karatasi, nikamnunulie mabomba ya vyumba vipya: robo tatu, yameandikwa kwa mwandiko wake mkubwa. Dukani pesa hazikutosha, bei ilikuwa imepanda. Muuzaji akanishauri nichukue ya nusu inchi, maji ni yale yale, na chenji ibaki. Nikachukua. Chenji ilibaki kweli, na sikuirudisha yote. Baba aliyatazama mabomba yaliposhushwa, akatazama karatasi yake, akanitazama mimi. Fundi alikuwa ameshafika, saruji imeshachanganywa. Hakusema kitu. Yakaingia ukutani, yakapigwa lipu.

Robo inchi, utasema. Mzee alinieleza akiwa amechuchumaa mbele ya tundu, bomba la nusu inchi limechungulia kama mfupa: maji husuguana na kuta za bomba, na bomba likiwa jembamba msuguano haupandi kidogo kidogo, unaruka. Ukipanua kipenyo mara mbili, maji yale yale yatapita yakipoteza nguvu karibu mara 30 pungufu. Ndiyo maana kila mtu anakimbilia kuinua tenki au kununua pampu huku mwizi yuko ukutani. Hata kuinua tenki kuna udanganyifu wake. Mita 10 za kwenda juu zinakupa presha ya karibu ba 1. Mnara wetu wa mita 4, ukiongeza maji ya ndani ya tenki na kuondoa urefu wa bomba la mvua lenyewe, ulituachia kama mita 3. Ukizifanya mita 6 hupati maji mara mbili. Unapata kama mara 1.4.

Nikamwambia habari ya chenji. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Basi leo unarudisha," akasema.

Nilirudisha. Ukuta wa nyuma ulipasuliwa wote, tukaweka bomba la inchi moja kama njia kuu, la moto na la baridi, robo tatu kwenye matawi, na nusu inchi zile mita chache za mwisho tu zinazoingia bafuni. Pale ambapo bomba la moto lilipanda juu ya mlango wa korido na kushuka tena, Mzee aliweka kidude cha kutoa hewa. Maji yakipata moto huachia hewa iliyoyeyuka ndani yake, kama unavyoona vipovu pembeni mwa sufuria kabla halijachemka. Hewa hiyo hupanda hadi kwenye nundu ya bomba na kukaa hapo, na presha ndogo haiwezi kuisukuma. Mate ya mgeni wangu yalitoka hapo.

Ikabaki kesi ya tenki dogo. Mzee aliiwasha pampu usiku, nyumba nzima imefunga maji, akatembea gizani akishika bomba la moto kwa kiganja, hatua kwa hatua, kama anayemtafuta mtoto mwenye homa. Karibu na boila, moto. Vyumba vya mbele, moto. Karibu na karo la kufulia, baridi kabisa. Akasimama hapo.

Asubuhi akamwita dada wa kufulia, akamsalimia vizuri, akamwomba amwonyeshe anavyofanya kazi. Dada akaonyesha. Koki yake ni ya kuchanganya, moto huku baridi huku, na mdomoni mwake umefungwa mpira wenye bunduki ya kubana. Akimaliza kufua mashuka hafungi koki, kwa sababu ile ya moto ni ngumu na inamuumiza kifundo. Anafunga huku mbele, kwenye bunduki. Maji hayamwagiki, nani atamlaumu? Lakini nyuma ya bunduki hiyo koki zote mbili zilikuwa wazi usiku kucha, moto na baridi vimeungana kama mito miwili. Zamani, nguvu zikiwa sawa, madhara yalikuwa kidogo. Pampu ilipoingia upande wa baridi peke yake, baridi ikapita pale, ikaingia njia ya moto, ikarudi kinyume hadi kwenye silinda, ikapanda hadi tenki dogo na kulijaza kutokea chini. Boya lilikuwa limefunga vizuri muda wote.

"Mimi nilishasema," dada alituambia, "kwamba bomba langu la moto linatoa baridi. Nikaambiwa nitumie hilo hilo."

Aliyemwambia hivyo ni mimi.

Dawa ya Mzee ilikuwa ya kizamani na sijaona iliyo bora. Pampu akaitoa, tulimuuzia shemeji yangu, anamwagilia nayo viazi. Mnara ukaongezwa mita 3. Tenki dogo likashushwa kabisa, na boila ikaanza kunywa kwenye simtanki lile lile linalotoa maji ya baridi, ili, kwa maneno yake, "moto na baridi wawe watoto wa mama mmoja." Kabla ya hapo alihakikisha silinda inaweza kubeba kimo kipya, na bomba la kupumulia, lile linalopanda wazi kutoka juu ya boila, akalirefusha hadi likapita usawa wa maji ya tenki. Hapo hakutaka utani. Boila ya kuni haina swichi. Moto ukishakolea huwezi kuuzima kwa kidole, na ukiiziba pumzi umetengeneza bomu jikoni kwako. Kwenye koki za kufulia aliweka nonritani mbili, zile valvu za njia moja, na koki ngumu ikabadilishwa. Bei ya koki ile ni ndogo kuliko ya boya la shaba.

Kuchelewa kwa moto ndiko kulikobaki mwisho, na kwa kinyume kulikuwa kumezidi. Bomba pana lina tumbo pana. Mita moja ya bomba la inchi moja inabeba karibu nusu lita, na kutoka boila hadi namba 12 ni mita 38: lita 19 zilizopoa ukutani usiku, zote lazima zitoke ndipo mgeni aone moto. Hata kwa kasi nzuri ya sasa ni dakika 2 na nusu na ndoo mbili za lita 10 zinazokwenda chooni bure. Tukaweka bomba la kurudi, jembamba, kutoka chumba cha mwisho hadi chini ya boila, na pampu ndogo inayokula umeme pungufu ya balbu ya zamani ya wati 60. Haisukumi maji ya kuoga. Inayatembeza tu polepole ili pale ukutani pasiwe na maji yaliyolala. Mabomba tuliyavisha sponji, la sivyo ungekuwa unapasha joto matofali. Saa yake inaiwasha saa 10 usiku hadi saa 3 asubuhi, na jioni saa 12 hadi saa 4 usiku. Ilipowashwa mara ya kwanza haikufanya lolote kwa sababu tuliisahau hewa ndani yake. Mzee alilegeza skrubu, ikapiga mluzi, maji yakaja.

Kuhusu joto lenyewe tulibishana. Mama alitaka silinda ikae kwenye nyuzi 45, kuni zipungue. Mzee alisema 60, na siku hizi nimesoma nikajua kwa nini. Mwaka 1976 wanajeshi wa zamani waliokutana katika hoteli moja huko Philadelphia, Marekani, waliugua nimonia na baadhi yao wakafa; mwaka uliofuata bakteria wa ugonjwa huo akatambuliwa, na baadaye akaitwa Legionella. Hustawi kwenye maji ya uvuguvugu yaliyotuama, na mtu humvuta kwa pua pamoja na ukungu wa maji. Kwa hiyo silinda yetu iko 60, bomba la kurudi tunahakikisha haliteremki chini ya 50, na chumba kisichopata mgeni kwa wiki nzima tunakifungulia maji hata kama hakuna wa kuoga. Nyuzi 60 zinaunguza, kwa hiyo kuna kibao bafuni: fungua baridi kwanza. Kwa wanaopenda kujua, Njombe maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100. Ndiyo sababu maharage ya Mama huchukua muda.

Daftari sasa lipo. Mgeni akilalamika tunaandika maneno yake mwenyewe, hata yakiwa matusi, kisha mtu anakwenda na ndoo. Dada wa kufulia ndiye anayelitunza, kwa sababu ndiye anayepita kila bafu na ndiye aliyekuwa sahihi.

Leo asubuhi: chumba namba 3, lita 10 kwa dakika 1 na sekunde 12. Chumba namba 11, dakika 1 na sekunde 20, moto umefika baada ya sekunde 9. Chumba namba 12 bado hakijapimwa. Ni Jumanne, mwenye parachichi amelala.